Mbu wa Bawa la Madoa

Harufu ya miche ya vitunguu ndiyo iliyonirudisha. Nilikuwa msibani kwa mama mdogo Naomi, nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, sina hata chozi moja la kutoa, mara upepo ukageuka ukaja nayo kutoka kwenye kitalu nyuma ya nyumba. Aliyekulia huku Iramba anaijua. Si ile ya kitunguu kilichokatwa jikoni. Ni ya mche mbichi, mwembamba kama uzi, ikichanganyika na udongo uliomwagiwa maji asubuhi. Wenzangu walikuwa wanalia. Mimi nilivuta pumzi na meno yakaniuma. Ndipo mchungaji akasimama kusoma wasifu wa marehemu, akafika pale pa kusema kwamba alikuwa mama wa huruma, alilea watoto wake na juu ya hao akalea yatima wawili wa shemeji yake.

Yatima mmoja ni mimi. Wa pili ni mdogo wangu Mika, na kaburi la Mika lilikuwa pale pale uani, ng'ambo ya shimo jipya, limekuwa bapa, limeota nyasi. Vijana waliochimba shimo la Naomi walikuwa wameweka ndoo na majembe yao juu yake.

Sasa watu wanasema siku ile nilimtukana marehemu. Wamepiga simu mpaka Mitundu ninakoishi, kuniuliza kama nilikuwa nimekunywa. Sikunywa. Nilisema neno, ndiyo, na leo nitasema neno hilo lilitoka wapi. Majina nitayataja, maana waliofanya walikuwa na majina. Ni baba mdogo Elisha, mdogo wake baba yangu. Ni mkewe Naomi, ambaye tumemzika kwa mapambio. Na ni balozi wetu wa nyumba kumi, Gidioni, ambaye mpaka leo anakula ugali wake na kusalimiwa shikamoo na watoto wa watu.

Ninyi wa rika langu mnaikumbuka tembe. Paa bapa la udongo, ukuta wa miti na udongo, mlango wa kuinama, na ndani giza la saa zote. Mnakumbuka pia kwamba chumba cha pembeni kilikuwa cha ndama na wana-mbuzi, kwa sababu ya fisi. Hakuna aliyeona ajabu mbuzi kulala ndani. Ajabu ilikuwa ni sisi kulala nao. Baba na mama walipomalizika, mmoja nyuma ya mwenzake, Elisha alikuja kutuchukua, akatuingiza kwenye chumba kile, akatandika ngozi ya ng'ombe upande wa ukutani, akasema, "Hapa pana joto." Na kweli palikuwa na joto. Mika alikuwa mdogo, bado anasema "chu" badala ya "su", na usiku alikuwa anamkumbatia mwana-mbuzi mmoja mweupe mpaka asubuhi shati lake linanuka mkojo. Kwa hilo alichapwa. Kukumbatia hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa shati.

Halafu wakaja watu wa mbu.

Walikuja na gari lenye masanduku, wakapokelewa na balozi Gidioni, na balozi akawaleta moja kwa moja kwa Elisha kwa sababu walikuwa marafiki wa kunywa pamoja, na kwa sababu ilisemekana nyumba itakayopimwa itapata kitu. Mkubwa wao alikuwa mtu mwembamba, mcheshi, kofia haimtoki kichwani. Jina lake silijui. Ningelijua ningelitaja pamoja na wengine. Kijiji kizima kilimwita Bwana Mbu.

Kazi yao ilikuwa ya asubuhi. Walitutoa wote nje, mpaka mbuzi na kuku. Wakatandaza mashuka meupe chini, chumba kwa chumba, meupe kiasi kwamba Naomi alitoa sauti kama mtu aliyechomwa kuona mashuka kama yale yanalala kwenye vumbi. Wakaziba matundu ya ukuta kwa matambara, wakapuliza dawa, wakafunga mlango. Tukakaa uani tunasikiliza nyumba yetu ikiwa kimya. Walipofungua, waliingia kwa magoti, wakawa wanaokota mbu walioanguka juu ya yale mashuka, kwa kibanio kidogo, mmoja mmoja, kama mwanamke anayechambua mchele wa wageni.

Mimi nilikuwa nimechungulia sana. Bwana Mbu akaniona.

"Wewe binti, njoo. Njoo uone adui yako."

Akanipa kioo cha kukuzia. Chini ya kioo kulikuwa na mbu wawili juu ya pamba. Nilikuwa sijawahi kujua kwamba mbu ana sura.

"Usiangalie tumbo," akasema. "Tumbo linadanganya, likishiba wote wanafanana. Angalia bawa. Huyu wa kwanza bawa lake likoje?"

"Liko wazi."

"Ehe. Liko wazi kama ganda la kitunguu. Huyo ni mpiga kelele wa masikioni, ana ubaya wake lakini homa yenu hii si yake. Na huyu wa pili?"

Niliangalia. Kwenye ukingo wa bawa kulikuwa na alama, nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe, zimepangwa kama mtu alikaa akazichora.

"Kama kanga," nikasema.

"Kanga ya kuvaa?"

"Kanga wa porini. Yule anayekula mtama."

Akacheka mpaka akakohoa. "Haya, binti kanga, shika hilo. Mwenye madoa kwenye bawa ndiye anayeleta homa. Akitua ukutani anainua makalio juu, kama anasujudu. Ukimwona huyo, ujue ni yeye."

Nawaambieni, sijawahi kufundishwa kitu shuleni kikaniingia kama kile. Na shule yenyewe niliishia la nne. Nilimfundisha Mika siku ile ile, na kuanzia hapo kila asubuhi, mwanga wa kwanza ukipita kwenye tundu la ukuta, tulikuwa tunakagua. Mbu walioshiba walikuwa wanatua karibu na vichwa vyetu, wazito, wamelewa, hawawezi kuruka mbali. Mika anauliza, "Huyu?" Namwambia, "Wazi." "Na huyu?" "Madoa." Huyo wa madoa tunampiga kwa kiganja, damu inaruka ukutani, na Mika anauliza, "Hii ni damu yangu au yako?" Tulikuwa hatujui. Naomi akiona ukuta una damu alikuwa anatuchapa kwa kuchafua nyumba.

Hapo ndipo akili yangu ya kitoto ikaenda kombo. Niliona nimepewa siri. Niliona Mungu, kwa kuwa anajua watoto hawana nguvu, amemwekea kila muuaji alama, na asiye na alama ni mwema. Nikaanza kuwakagua watu. Naomi alikuwa na ngozi laini isiyo na hata kovu la ndui. Jumapili akijipaka mafuta na kuvaa joho la kwaya alikuwa anang'aa, hana doa popote. Basi nikasema moyoni, mama mdogo ni wa bawa wazi. Ana kelele tu. Nilikuwa nachapwa na mwanamke yule mpaka natokwa na mkojo, na bado nasema ana kelele tu.

Na jirani yetu Mama Hadija, mjane aliyekaa ng'ambo ya mfereji, alikuwa na mabaka meupe. Yalimwanzia kwenye vidole vya mikono yake myeusi, yakapanda mpaka viwikoni, mengine yakamzunguka mdomo. Alikuwa hajawahi kutukemea hata siku moja. Lakini mimi nikimwona anakuja namshika Mika mkono tunakimbilia zizini, na yeye anasimama pale na bakuli la mlenda aliotuletea, anaita, "Wanangu, mnakimbia nini? Mimi siumi!"

Bwana Mbu aligawa vyandarua. Alisema kila anapolala mtu patundikwe kimoja. Kimoja kikaenda kwa Elisha na mkewe, kimoja kwa binti yao Debora na wadogo zake, na cha bluu kikaja kwetu, kimetundikwa na Bwana Mbu kwa mikono yake juu ya ile ngozi, mbuzi wakimtazama. Kilikuwa kinanuka dawa. Ndani yake palikuwa pengine kabisa, mwanga wa bluu, mbu wanaimba nje hawaingii. Mika alipaita "nyumba yetu". Alikuwa anakaa humo hata mchana, anawaambia mbuzi wapige hodi.

Hatukukaa nayo sana. Ulikuwa msimu wa kusia vitunguu, na mvua ile ya mawe madogo ilikuwa inavunja miche, na ikiacha mvua wanakuja kuku. Naomi akaingia chumbani na kisu, akaanza kukata kamba.

"Mama mdogo," nikasema, "sisi tutalalaje?"

"Mtalala kama mlivyokuwa mnalala. Mlikufa?"

"Mbu watatuuma," Mika akasema.

Naomi hakugeuka hata kumtazama. "Kitunguu kikiliwa na kuku kimekwisha. Wewe ukiumwa na mbu unajikuna."

Elisha alikuwa nje ameshachonga vijiti. Walikinyoosha chandarua chetu juu ya kitalu, wakakifunga vizuri kuliko kilivyofungwa juu yetu, pembe zote zimezikwa udongoni panzi asipenye. Balozi Gidioni alipita akaona. Nakumbuka alichosema, maana alisema akicheka: "Elisha, miche yako mwaka huu haitaugua homa." Wakacheka wote. Hata Debora, aliyekuwa na mdomo umejaa muhogo, alicheka.

Bwana Mbu akarudi. Alikuwa amesema atarudi kuona kama mbu wamepungua, na wakubwa wote walikuwa wamesahau. Gari lilisimama, Naomi akakimbia na majani ya mahindi kufunika kitalu, halafu akaja akasimama nyuma yangu. Mkono wake akauweka begani kwangu. Kwa mbele ulionekana kama unanibembeleza. Kwa nyuma kucha zake zilikuwa zimeingia kwenye nyama.

Wakapuliza tena, wakafungua. Shuka la chumba cha Elisha lilikuwa tupu, labda na panzi mmoja. La Debora vivyo hivyo. Kisha wakavuta shuka la chumba chetu mpaka mlangoni penye mwanga, na hata mimi kutoka pale niliposimama niliona. Lilikuwa jekundu na jeusi. Mbu walikuwa wamelala juu yake kama ulezi uliomwagika. Bwana Mbu alichuchumaa na kioo chake, akaangalia bawa la huyu, la yule, la mwingine.

"Wote wa madoa," akasema. "Na wote wameshiba." Akainua kichwa. "Nani analala humu?"

Naomi akajibu kabla hajamaliza. "Hapa wanalala mbuzi."

"Mbuzi tu?"

"Mbuzi tu, mheshimiwa."

"Mbona mwanzo nilitundika chandarua humu?"

Kucha zikaingia zaidi. Hapo ndipo balozi Gidioni, mtu mzima, mwenye watoto, aliyekuwa anajua kila ngozi ya kulalia katika nyumba zake kumi, akasogea mbele na kofia mkononi. "Tulikihamisha, mheshimiwa. Hawa watoto sasa wanalala na wenzao, chumba kile. Nyumba yenyewe ni yangu kuisimamia, nathibitisha."

Bwana Mbu aliangalia ndani. Ile ngozi ilikuwa pale ukutani. Shati la Mika lilikuwa juu yake. Aliliruka shati lile, nawaambieni, aliinua mguu asilikanyage, kisha akatoka akaandika. "Basi mbuzi wako wananyonywa kweli, mama," akasema, na watu wazima wote wakacheka huku wakishusha pumzi. Akiwa anaingia garini aliniona. "Binti kanga! Bado unawajua?" Nikaitika kwa kichwa. Gari likaondoka.

Na mimi mjinga nilifurahi. Nilifikiri kwamba kilichoandikwa na mtu kama yule lazima mbu watakitii. Jioni ile nilimwambia Mika, "Tumeandikwa mbuzi. Mwenye madoa hatuumi tena, anakula mbuzi." Mika akafurahi kuliko mimi. Akatembea kwa mikono na magoti chumba kizima, analia "mee", anamgonga yule mwana-mbuzi mweupe kwa paji la uso.

Naomi alisikia, na kuanzia siku hiyo akapata mchezo wake. Chakula kikiwa tayari, watoto wake wanaitwa kwa majina, sisi anasimama mlangoni anatupigia ulimi kama wa kuitia mifugo. "Mbuzi zangu, njooni mle makoko." Debora na wadogo zake wanalia "mee, mee" mpaka tunakosa pa kuangalia. Tukichelewa na maji: "Nani kafungulia mbuzi?" Elisha alikuwa anasikia yote, anakula, anapangusa mdomo. Ubaya wake Elisha ulikuwa huo, wa kukaa na kula. Watu wanamhurumia sasa kwa sababu amekuwa kipofu. Mimi namkumbuka akiwa na macho.

Homa ilinianza mimi. Mnajua wenyewe inavyoanza: baridi kwenye jua, kichwa kinapasuka, mdomo mchungu kama umelamba nyongo. Nililala kwenye ngozi na Mika akawa ananiletea maji kwenye kopo, nusu anamwaga njiani. Halafu naye akaacha kuleta maji. Nilipogeuka alikuwa amelala kando yangu, anawaka moto, anazungumza na watu ambao sikuwaona. Naomi aliingia kuwatoa mbuzi kwenda malishoni. Akasimama juu yetu.

"Na hawa je? Leo hawaendi malishoni?"

Akacheka peke yake, akaenda kumwagilia kitalu.

Asubuhi iliyofuata Mika alikakamaa. Macho yakageuka meupe, meno yakasagana, miguu yake ikawa inapiga ukuta, tap, tap, tap. Nilijaribu kupiga kelele, sauti haikutoka. Aliyesikia ile miguu ni Mama Hadija. Alikuwa amekuja kuomba moto, na kigae chake mkononi. Akaingia ameinama, akaona, kigae kikamwanguka.

"Naomi! We Naomi! Mtoto anakauka huku!"

Naomi akaja akipangusa mikono kwenye kitenge. "Degedege hiyo. Elisha ameenda kutafuta mizizi."

"Mizizi ya nini? Nipe nimpeleke zahanati sasa hivi."

"Umechanganyikiwa? Mtoto wa degedege hachomwi sindano. Akichomwa anakufia mkononi mwako, halafu waseme Naomi kaua mtoto wa watu."

"Atakufa hapa hapa, mwenzangu! Nakuomba kwa jina la Mungu!"

"Mungu gani, wenu au wetu?"

Mama Hadija aliinama kumbeba Mika. Wakati huo huo mlango ukawa na giza. Elisha alikuwa amerudi na mizizi yake, na nyuma yake balozi Gidioni. Elisha akamnyang'anya mtoto. Hakutumia nguvu, alimchukua tu kama mtu anavyochukua kitu chake. Balozi akasema kwa ile sauti yake ya baraza, "Mama Hadija, usiingilie boma la mtu. Kila boma lina mwenyewe."

"Basi nipeni huyu mkubwa," Mama Hadija akasema. Alikuwa analia. "Huyu hajakakamaa. Huyu mtanizuia kwa lipi?"

Wakatazamana. Naomi akainua bega. "Huyo chukua. Ananijazia chumba tu."

Hivyo ndivyo nilivyopona, kama mnataka kujua. Sikuponywa na huruma iliyotajwa kwenye wasifu. Nilitupwa kama chombo kilichopasuka, na aliyekuwa nje akakidaka.

Nakumbuka mikono ile ikinijia. Nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe. Katika homa yangu niliona bawa, bawa kubwa kuliko mlango, linashuka kunifunika. Niliuma. Niliuma kiganja chake mpaka nikasikia ladha ya damu, na safari hii nilijua ni damu ya nani. Hakuuvuta mkono. Alinitupia mgongoni, akanifunga kwa kanga yake, na njia nzima ya kwenda zahanati, akikimbia na kutembea, akikimbia na kutembea, alikuwa ananipa ule ule mkono.

"Uma, mwanangu," anasema. "Uma tu. Ila usilale."

Walinichoma sindano, wakaninywesha kwinini, masikio yakawa yananguruma kama mashine ya kusaga. Mama Hadija alilala chini ya kitanda changu. Kila nikifumbua macho naona ule mkono umefungwa kitambaa, umeshika mguu wa kitanda. Nilikuwa namuuliza Mika yuko wapi, ananiambia kunywa uji.

Nilirudi mgongoni kwake. Chumbani kwetu ngozi ilikuwa imekunjwa imesimamishwa ukutani, na yule mwana-mbuzi mweupe amelala pale alipokuwa analala Mika. Naomi alikuwa anachagua dengu mlangoni.

"Mika yuko wapi?"

"Amelala."

"Wapi?"

Hakutumia mkono kunionyesha. Alivuta midomo tu, kuelekeza uani, kwenye tuta la udongo ambao ulikuwa haujakauka.

Mama Hadija alikuja kuniambia mengine baadaye, kwa sababu nilimlazimisha. Mika alikufa siku ile ile tuliyoondoka, kabla jua halijasimama. Elisha alisema shuka ni la walio hai, hana shuka la kuzikia. Basi wakaenda kwenye kitalu, wakang'oa pembe zilizozikwa udongoni, wakamfunga kwenye chandarua. Ndipo akapewa nyumba yake. Balozi aliomba kwa kifupi, akasema ni kazi ya Mungu, haina makosa.

Nilikwenda nikasimama kwenye kitalu. Vijiti vilikuwa vimebaki peke yake. Kuku walikuwa ndani wanachakura, miche imetapakaa, mizizi juu, na ile harufu imejaa kila mahali. Nyuma yangu nilimsikia Naomi anamlalamikia mwanamke aliyekuja kutoa pole. "Na vitunguu vyangu ndiyo hivyo tena," alikuwa anasema. "Kuku wamemaliza." Yule mwanamke akampa pole. Ya vitunguu.

Nilikaa pale mpaka nilipoweza kutembea mbali, nikaenda kufanya kazi za watu, na miguu ikanifikisha Mitundu. Mama Hadija alitangulia zamani. Msibani kwake nililia mpaka watu wa kwao wakaniuliza mimi ni mtoto wake wa wapi. Na mbu bado nawakagua. Wajukuu wa jirani wananicheka, bibi anamwangalia mbu bawa kama ananunua kitenge. Nawaacha wacheke.

Turudi kaburini. Walipomshusha Naomi na kufukia, mshereheshaji akaanza kuita wa mashada. Watoto, wajukuu, kwaya. Kisha akasema, "Sasa tunaomba yatima waliolelewa na marehemu." Debora akanisukumia shada mkononi, akaninong'oneza, "Dada, mama alikupenda, jamani. Msamehe na mimi nisamehe kwa yote, nenda."

Nilikwenda. Nililipita kaburi jipya, nikaondoa ndoo na majembe ya watu juu ya lile bapa, nikaweka shada pale kwenye nyasi. Watu wakaanza kunong'ona kwamba nimekosea kaburi. Mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti, "Mama, ni hili huku." Nikarudi nikasimama kichwani kwa Naomi. Nikasema kwa sauti yake mwenyewe, maana naijua, naisikia kila siku:

"Hapa wanalala mbuzi."

Zikazuka kelele. Kwaya ikaanza wimbo juu kwa juu kunifunika. Balozi Gidioni, na fimbo yake na mvi zake, aliinuka kitini. Yeye alielewa, nilimwona alivyoelewa. Akapiga kelele, "Mtoeni huyo! Mtoeni! Hana adabu!" Vijana wakanishika mikono, wakanipitisha katikati ya viti vya wafiwa.

Elisha alikuwa kiti cha mbele, na miwani yake nyeusi, mikono juu ya magoti. Tulipompita aligeuza uso kuelekea kwenye vurugu, akamvuta Debora nguo.

"Nani huyo anayesema mambo ya mbuzi?"

"Ni yule yatima, baba. Yule wa baba mkubwa."

Elisha akatikisa kichwa kidogo, kama mtu anayetafuta kitu gizani.

"Yupi?" akauliza. "Yule mkubwa, au yule mdogo?"